Mbio za Baiskeli za Uwanjani, Athens 1896: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mbio tano za baiskeli zilizofanyika uwanjani kwenye Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya kisasa. Mbio za sita, zile za barabarani, tumezigusa pale tu zinapohusika. Kabla ya kuanza, shika namba moja: mita 333.33. Huo ndio uliokuwa urefu wa mzunguko mmoja, na mizunguko mitatu ni kilomita moja kamili. Mengi yanayowatatiza watu kwenye matokeo ya 1896 yanaeleweka ukiyarudisha kwenye mizunguko.

Uwanja wenyewe ulikuwa wapi?

Neo Phaliron, pwani, kati ya Athens na bandari ya Piraeus. Ulijengwa kwa ajili ya Michezo hiyo, na ramani yake ilifuata mfano wa uwanja wa baiskeli wa Copenhagen. Ulitumika tena mwaka 1906, Michezo iliporudi Athens. Leo njia ya baiskeli haipo. Mahali pale pamesimama uwanja wa Karaiskakis, nyumbani kwa klabu ya soka ya Olympiacos, kwenye njia ya treni ya Athens na Piraeus.

Kuwa pwani, tena bila paa, si jambo dogo. Kwenye njia ya mviringo upepo unakusukuma upande mmoja na kukupiga usoni upande wa pili, na faida hailipi hasara, kwa sababu upande unaokwenda polepole ndio unaokaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana si haki kuulinganisha muda wa 1896 na muda wa leo, ambapo mashindano makubwa hufanyika ndani ya jengo lililofungwa, kwenye njia ya mbao ya mita 250.

Zilikuwa mbio zipi, na siku zipi?

Tarehe 8 Aprili zilikimbizwa kilomita 100, yaani mizunguko 300. Tarehe 11 Aprili zilifanyika tatu kwa siku moja: mzunguko mmoja dhidi ya saa, sprinti (mbio za kasi) ya kilomita 2 (mizunguko 6) na kilomita 10 (mizunguko 30). Tarehe 13 Aprili zikaja mbio za saa 12 mfululizo. Siku iliyotangulia, tarehe 12, ndipo zilipofanyika za barabarani, Athens hadi Marathon na kurudi, kama kilomita 87, alizoshinda Mgiriki Aristidis Konstantinidis.

Mbona kumbukumbu za Kigiriki zinataja 27 Machi?

Ni siku ileile. Ugiriki ilikuwa bado inatumia kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 12. Ongeza 12 kwenye tarehe ya zamani upate ya sasa: 27 Machi inakuwa 8 Aprili, na 1 Aprili inakuwa 13 Aprili. Ukikuta tarehe inayokataa hesabu hiyo, mwandishi alichanganya kalenda mbili.

Washiriki walitoka wapi?

Nchi tano: Ugiriki, Ufaransa, Ujerumani, Austria na Uingereza. Wanaume 19 kwa jumla, ukihesabu na wa barabarani. Wanawake hawakuruhusiwa kushindana. Wengi walijiandikisha kwenye mbio zaidi ya moja, kwa hiyo majina yaleyale yanarudi rudi.

Baiskeli zao zilitofautianaje na tunazozijua?

Kwa umbo utazitambua mara moja. Magurudumu mawili yanayolingana na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma ni mpangilio uliotoka kwa John Kemp Starley wa Uingereza mwaka 1885, na tairi ya upepo ya Dunlop ilikuja 1888. Kufikia 1896 vyote viwili vilikuwa kawaida mbioni.

Tofauti kubwa ni kwamba baiskeli ya uwanjani haina friwili. Gia ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu: gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na miguu nayo. Huwezi kuacha kukanyaga ukaiacha iserereke. Breki pia hakuna, unapunguza mwendo kwa kuzikaza pedali zisiende. Waendeshaji wa uwanjani wanafanya hivyo mpaka leo, na sababu ni ya usalama: mtu mmoja akifunga breki ghafla kwenye kundi, aliye nyuma yake sentimita 30 hana pa kwenda.

Kutokuwa na friwili kunaleta matatizo yake:

- Cheni ikilegea kupita kiasi inaweza kuruka. Ikiruka kwa mwendo mkali huweza kunasa na kulifunga gurudumu la nyuma papo hapo. Fundi huvuta gurudumu nyuma kwenye fremu mpaka cheni ibaki na mchezo wa kama sentimita moja katikati, kisha hukaza nati za pande zote mbili. Mchezo upimwe huku gurudumu likizungushwa, kwa sababu gia ambayo si duara kamili itakaza cheni sehemu moja na kuilegeza nyingine.
- Tairi za mbio hubandikwa kwenye rimu kwa gundi. Gundi isiposhika vizuri, tairi huchomoka kwenye kona, pale nguvu ya kuisukuma pembeni inapokuwa kubwa.
- Gia ni moja tu, na unaichagua kabla ya kuanza. Ukiweka nzito utateseka kuanza na upepo utakushinda. Ukiweka nyepesi miguu itashindwa kuzunguka kwa kasi inayotakiwa mwishoni.

Uzito wa gia unapigiwa hesabu hivi: meno ya mbele gawanya kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Tuchukue mfano wa meno 24 mbele, 8 nyuma na mzingo wa mita 2.1. Pedali zikizunguka mara moja baiskeli inasogea mita 6.3, na mzunguko mmoja wa Neo Phaliron unahitaji kukanyaga mara 53 hivi.

Kwa nini kona za uwanja wa baiskeli huinuliwa upande wa nje?

Ili nguvu inayomtupa mwendeshaji nje imkandamize kwenye njia badala ya kumtelezesha. Mwinuko unaofaa unategemea kasi na ukali wa kona. Kwa kilomita 50 kwa saa kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, mlalo unaohitajika ni kama nyuzi 33. Njia za mita 250 za siku hizi hufika nyuzi 42 au zaidi kwa sababu kona zake ni kali na mwendo ni mkubwa. Ukienda polepole mno kwenye kona ya mlalo mkali, tairi inateleza kushuka chini, na wanaojifunza huanguka zaidi kwa kusitasita kuliko kwa kwenda mbio.

Nini hasa kilitokea kwenye kilomita 100?

Walianza tisa, wakamaliza wawili: Léon Flameng wa Ufaransa na Georgios Kolettis wa Ugiriki. Flameng alitumia saa 3, dakika 8 na sekunde 19.2, sawa na wastani wa karibu kilomita 32 kwa saa, au sekunde 37.7 kila mzunguko, mara 300.

Baiskeli ya Kolettis iliharibika katikati ya mbio. Flameng alisimama akamsubiri mpaka itengenezwe, ndipo wakaendelea. Baadaye, mwisho ukikaribia, Flameng mwenyewe alianguka, akainuka na bado akashinda kwa mizunguko kadhaa. Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa uungwana, na ni haki yake. Ila uzito wake unauona vizuri ukizijua mbio ndefu. Mtu aliyekuwa anakwenda kwa mwendo ule kwa muda mrefu akisimama ghafla, misuli hupoa na kukaza, na bila friwili kuanza upya ni kuisukuma gia nzito kutoka mwendo sifuri. Kusubiri kule kulimgharimu mwilini, si muda tu.

Na kwa nini saba waliacha? Mizunguko 300 mahali pamoja inachosha kwa namna ambayo barabara haichoshi. Mikono, mgongo na makalio vinakaa mkao uleule kwa saa tatu, kona ni za upande mmoja tu, na hakuna mteremko wa kupumzisha miguu. Halafu ukishazidiwa mizunguko kumi, unamwona anayekuzidi akikupita tena na tena. Wengi huacha hapo.

Paul Masson alishinda mataji matatu siku moja. Aliwezaje?

Mbio zake tatu zilikuwa fupi. Ukijumlisha muda wote aliokuwa mashindanoni tarehe 11 Aprili unapata kama dakika 23: sekunde 24.0 za mzunguko mmoja, dakika 4 na sekunde 58.2 za sprinti, na dakika 17 na sekunde 54.2 za kilomita 10. Kwa mtu mwenye miguu ya kasi, akipewa mapumziko katikati, hiyo ni kazi inayobebeka. Flameng alikuwa wa pili kwenye kilomita 10 na wa tatu kwenye sprinti, na Wafaransa wawili kwenye kundi dogo ni nguvu kubwa. Kwenye kilomita 10 hiyohiyo Wagiriki wawili, Kolettis na Konstantinidis, waligongana, na Kolettis akatoka.

Kilomita 2 kwa dakika karibu tano? Hiyo ni sprinti kweli?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote. Piga hesabu ya wastani wa mwendo wa mshindi wa kila mbio:

- mzunguko mmoja dhidi ya saa: kilomita 50 kwa saa
- kilomita 10: 33.5
- kilomita 100: 31.9
- saa 12: 26.2
- sprinti: 24.1

Sprinti ilikuwa ya polepole kuliko zote, hata kuliko za kutwa nzima! Wala si kosa la kumbukumbu. Kwenye sprinti saa haihesabiki, anayehesabika ni nani amefika kwanza. Anayetangulia anapasua upepo kwa niaba ya mwenzake. Aliye nyuma anaokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake, kisha anachomoka mita 200 za mwisho. Kwa hiyo hakuna anayetaka kutangulia, na mizunguko ya mwanzo inakuwa ya kutegeana. Masson alimpita Stamatios Nikolopoulos wa Ugiriki kwa sekunde 2, na sekunde 2 kwenye mwendo wa mwisho wa sprinti ni mita nyingi.

Utegeaji huo uliwaudhi wasimamizi kwa miaka mingi. Mwaka 1908 mjini London waliweka ukomo wa muda kwenye fainali ya sprinti. Waendeshaji wakategeana mpaka ukomo ukapita, na fainali ikafutwa bila mshindi.

Kwenye mzunguko mmoja, Nikolopoulos na Schmal walifungana vipi?

Wote wawili waliandikiwa sekunde 26.0, nyuma ya Masson mwenye 24.0, wakarudia wao wawili kutafuta nafasi ya pili. Nikolopoulos akapata 25.4 na Adolf Schmal wa Austria 26.6.

Tazama tarakimu ya mwisho ya kila muda wa 1896: .0, .2, .4, .6. Saa za kupimia mbio za wakati ule, zilizobonyezwa kwa mkono, zilisoma sehemu ya tano ya sekunde, basi. Kwa mwendo wa sekunde 26 kwa mzunguko, sehemu moja ya tano ni mita 2.5, zaidi ya urefu wa baiskeli nzima. Watu wawili wangeweza kupishana kwa umbali huo na bado waandikiwe muda mmoja. Kurudia ndiyo ilikuwa njia pekee ya haki.

Mbio za saa 12 ziliendeshwaje?

Zilianza saa 11 alfajiri zikaisha saa 11 jioni, tarehe 13 Aprili. Hapakuwa na umbali wa kumaliza. Unazunguka mpaka muda uishe, na aliyekwenda mbali zaidi ndiye mshindi. Hali ya hewa siku hiyo ilikuwa mbaya kiasi kwamba mashindano ya makasia baharini yalifutwa. Baiskeli hazikufutwa.

Waliobaki mpaka mwisho ni wawili: Adolf Schmal, kilomita 314.997, na Mwingereza Frederick Keeping, kilomita 314.664. Toa: mita 333. Baada ya saa 12 na mizunguko 945, tofauti ilikuwa mzunguko mmoja.

Sasa, kumzidi mtu mzunguko mmoja kunataka nini? Ukimzidi mwendo kwa kilomita 2 kwa saa, inakuchukua dakika 10 kuziba mita 333 na kumfikia kutokea nyuma. Ukishamfikia kazi imekuwa rahisi: unajibanza nyuma ya gurudumu lake. Hawezi kukuacha bila kujiua kwa uchovu, nawe unakingwa upepo. Schmal alijipatia mzunguko wake mapema, kabla miguu haijachoka, kisha akaulinda siku nzima kwa kumfuata Keeping. Ni mbinu isiyopendeza machoni, lakini ni sahihi kabisa, na inataka moyo. Ukimwacha apige hatua 40 peke yake kwa sababu unakunywa maji, unaweza kuupoteza ule mzunguko wote.

Aliyezidiwa mzunguko naye ana jambo moja tu la kufanya: kushtukiza. Anasubiri wakati mwenzake anapokea chakula au amechelewa kutoka kwenye kona, anaondoka kwa nguvu, na analazimika kuendelea hivyo kwa dakika kadhaa, kwa sababu kumwacha mtu mita 50 hakusaidii kitu. Lazima auzibe mzunguko mzima. Kadiri saa zinavyopita ndivyo nguvu hiyo inavyokosekana. Kwa maoni yetu hizi ndizo mbio bora za baiskeli za Michezo ile, na zimesahauliwa kwa sababu tu mbinu yake haionekani kwa macho.

Mwili hupata shida gani kwa saa 12 bila friwili?

Tumia gia ile ya mfano: kilomita 315 ni kukanyaga mara 50,000, wastani wa mara 69 kila dakika, bila hata sekunde moja ya kuiacha miguu ikae. Ngozi inachubuka kwenye kiti, na ikishachubuka mtu huanza kukaa upande, goti nalo hufuata. Vidole vya mikono hufa ganzi kwa kushika usukani mahali pamoja. Kula na kunywa kunafanyika baiskeli ikienda, mkono mmoja, miguu ikizunguka. Asiyekula mapema, kabla ya kuhisi njaa, huishiwa nguvu ghafla baada ya saa chache na hawezi tena kuzirudisha. Wanaoshindwa mbio za namna hii kwa kawaida walishashindwa saa mbili au tatu za mwanzo, kwa kwenda mbio mno.

Ni kweli Keeping alikuwa mtumishi?

Ndiyo. Yeye na Edward Battell walikuwa watumishi katika ubalozi wa Uingereza mjini Athens. Kuna Waingereza wakazi wa mji huo waliotaka Battell azuiwe, kwa hoja kwamba anayefanya kazi ya utumishi hawezi kuhesabiwa mwanamichezo wa ridhaa. Hoja hiyo ilikuwa ya kitabaka tupu, na haikufaulu. Battell alikuwa wa tatu kwenye mbio za barabarani, na Keeping umeona alichokifanya.

Walipewa dhahabu?

Hapana. Mshindi alipata medali ya fedha na tawi la mzeituni, wa pili medali ya shaba, na wa tatu hakupata kitu. Mpangilio wa dhahabu, fedha na shaba uliwekwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki baadaye, kwa kurudi nyuma. Kwa hesabu hiyo Masson ana dhahabu tatu, na Flameng ana moja ya kila rangi. Kwenye kilomita 100 na saa 12 safu ya wa tatu huachwa wazi kwa kuwa waliomaliza ni wawili.

Mbio hizi zipo bado kwenye Olimpiki?

Sprinti ipo. Saa 12 zilifanyika mara hiyo moja tu. Mzunguko mmoja dhidi ya saa ulirudi Athens 1906, na baadaye majaribio dhidi ya saa yakawa ya kilomita moja, kuanzia 1928 hadi 2004.

Waendeshaji wenyewe waliishia wapi?

Masson aliingia mbio za kulipwa kwa jina la Paul Nossam, yaani jina lake lililogeuzwa, akawa wa tatu kwenye sprinti ya ubingwa wa dunia 1897. Schmal alikuwa pia mcheza kitara (mchezo wa upanga), alishika nafasi ya nne Athens, na baadaye akawa mwandishi wa habari za magari. Flameng alifariki Januari 1917 akiwa mwanahewa wa jeshi la Ufaransa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia.

Nikikuta takwimu zinazopingana, nizikague vipi?

Anza na umbali. Ugawanye kwa 333.33. Kwenye mbio zinazohesabiwa kwa mizunguko kamili jibu lisipokaribia namba nzima, kuna tarakimu iliyokosewa: 314.997 inatoa 945, na 314.664 inatoa 944, kwa hiyo zote mbili zinakubalika. Kisha tazama muda. Tarakimu ya mwisho ikiwa .1, .3, .5, .7 au .9, haikusomwa kwenye saa ya mbio hizi. Ya tatu, geuza muda kuwa sekunde kwa kila mzunguko. Chini ya sekunde 24 hakuna aliyefika mwaka huo, hata kwa mzunguko mmoja. Mwisho tazama tarehe kwa ile hesabu ya siku 12. Na jina Konstantinidis likitokea kama mshindi, hakikisha unasoma za barabarani.